Mjadala: Mbona nchi adui hubanwa na haisalimu amri?

Mtu wa Mkomani:
Mimi nasema vikwazo na vitisho vya vita aghalabu humpatia adui mlinzi mpya. Watu wa Lamu twalijua hili. Mwanzoni mwa karne ya 19 Wamazrui, ukoo uliotawala Mombasa, pamoja na watu wa Pate, walituvamia. Tukawashinda pale Shela. Wazee, wakihofia kurudiwa, wakamwendea Seyyid Said, mtawala wa Oman. Akaleta liwali na askari, na mwaka 1837 Mombasa yenyewe ikaangukia mikononi mwake. Mmazrui ndiye aliyemfungulia njia!

Kuba ni vivyo hivyo. Julai 1960 Rais Eisenhower wa Marekani alipunguza sukari ambayo nchi yake ilikuwa ikinunua huko. Wasovieti wakainunua wao. Oktoba 1962 makombora yao ya nyuklia yalikuwa kisiwani, maili 90 hivi kutoka Florida.

Mwalimu, Langoni:
Na Afrika Kusini je, ndugu yangu? Mwaka 1986 Bunge la Marekani lilipitisha vikwazo licha ya kura ya turufu ya Rais Reagan. Mwaka 1990 Mandela akatoka gerezani. Siwezi kuwaambia waliosusia bidhaa za makaburu kwamba walijisumbua bure.

Mtu wa Mkomani:
Sikatai, mwalimu. Lakini tazama nani aliumia. Benki za nje zilipokataa kuongeza muda wa mikopo mwaka 1985, uchungu uliwafikia Wazungu wenye kura, na mwaka 1992 haohao wakapiga kura ya kuunga mkono mazungumzo ya kumaliza ubaguzi. Tena ANC, chama cha Mandela, wenyewe ndio walioomba vikwazo. Iraki, iliyowekewa vikwazo tangu 1990, raia hakuwa na kura ya maana, na mgao wa unga na mchele ulitoka kwa serikali ya Saddam. Njaa ikamfunga kwa mtawala yuleyule.

Bi wa Shela:
Mmesahau ahadi. Mwaka 2015 Iran ilikubaliana na Marekani na mataifa mengine kutorutubisha urani, madini ya nyuklia, kupita asilimia 3.67, na wakaguzi wakaingia. Mwaka 2018 Marekani ikajitoa katika mapatano hayo, vikwazo vikarudi. Mwaka 2021 Iran ikafika asilimia 60, karibu na kiwango cha bomu. Ukitii waadhibiwa, ukikaidi waadhibiwa: utatii kwa lipi?

Mwalimu, Langoni:
Hapo nakubali, bibi. Ila dola ikiua watu wake, tunyamaze?

Bi wa Shela:
La! Silaha zizuiwe, mali za wakubwa zilizo ng'ambo zishikwe. Unga na dawa vipite. Na waandikiwe waziwazi watende jambo gani ili vikwazo viondoke, kisha viondoke kweli.