Majibu ya mkojo yanasema "Gram hasi": je, mama hana maambukizi?

Mama Zawadi:
Habari zenu. Mama yangu mzazi ana homa na husikia maumivu anapokojoa, hivyo mkojo wake ulioteshwa maabara. Majibu yanataja Escherichia coli, Gram hasi, koloni zaidi ya 100,000 kwa mililita, ikifuatiwa na orodha ya dawa zenye herufi S, I au R. Kaka zangu wanashikilia kwamba, kama ilivyo kwa kipimo cha malaria, hasi maana yake hana ugonjwa. Naomba ufafanuzi.

Hadubini:
Dada, pole kwa kuuguza. Gram ni jina la daktari wa Denmark, Hans Christian Gram, ambaye mwaka 1884 alichapisha njia ya kuwapaka bakteria rangi. Sampuli hupakwa rangi ya zambarau, kisha ayodini, ikasuuzwa kwa spiriti na kumaliziwa na rangi nyekundu. Bakteria mwenye ukuta mnene huing'ang'ania zambarau, naye ni Gram chanya. Mwenye ukuta mwembamba uliofunikwa na utando wa nje huipoteza na kuonekana wa waridi, na huyo ndiye Gram hasi. Utando huo si jambo dogo, kwa kuwa huzuia baadhi ya dawa zisipenye. Mama anao bakteria, ndio hao Escherichia coli, tena wengi: koloni ni vikundi vya bakteria vilivyoota, na maabara nyingi hukitumia kiwango cha 100,000 kutofautisha maambukizi na uchafu ulioingia wakati wa kukinga mkojo.

Mfamasia wa Zamu:
Niongezee herufi. S ni dawa inayotarajiwa kufanya kazi kwa dozi ya kawaida, na R ni dawa ambayo bakteria huyo ameshajenga usugu dhidi yake. I husomwa vibaya na wengi. Kwa mwongozo wa Ulaya tangu 2019, maana yake ni kwamba dawa inaweza kufaa iwapo dozi yake itaongezwa. Hata hivyo, S peke yake haitoshi kuchagulia dawa. Nitrofurantoini, kwa mfano, hukusanyika vizuri kwenye mkojo lakini haifikii kiwango cha kutosha ndani ya nyama ya figo, nayo homa huashiria kwamba huenda figo zimeguswa.

Mama Zawadi:
Nashukuru sana. Ndiyo hiyo hiyo yenye S, na kaka alikuwa anakwenda kuinunua.

Mfamasia wa Zamu:
Asiinunue. Mpelekeni mama leo hii, na karatasi hiyo ya majibu mkononi.