Tupeane uzoefu: ndege ya Pemba–Tanga, dakika 17 angani, nusu siku njiani

Wakuu, salaam. Wiki iliyopita nilikwenda mazikoni Tanga nikitokea Wete. Tiketi inasema dakika 20. Nikaikodolea saa tangu magurudumu yanaachana na lami ya Chake mpaka yanagusa Tanga: dakika 17. Kwa mstari ulionyooka ni kama kilomita 85 tu. Lakini Wete niliondoka saa 12 asubuhi, na Chumbageni nikaingia saa 7 mchana, watu wameshatoka makaburini. Daladala, foleni, benchi, halafu ndege yenyewe ilikuwa imekwama Unguja kwa mvua. Nyie wenzangu saa zenu huliwa wapi?

Mpakia Mizigo
Pole kwa msiba, mkuu. Nimefanya kazi uwanjani miaka sita. Vile vijidege vya propela moja, abiria 12, hukimbia kama kilomita 300 kwa saa, kwa hiyo hesabu yako imekaa sawa. Dakika za kwenye tiketi huanza ndege inaposogea, huisha inaposimama. Kuzunguka kuutafuta upepo kumo humo. Ila kinachokula muda ni mzani. Mzigo mwisho kilo 15, begi laini, na wewe mwenyewe unapanda. Bibi mmoja alikataa katakata kupimwa mbele za watu. Tukageuza kioo cha mzani kitazame ukutani ndipo akakubali, na bado alimuuliza kijana wetu kwa kunong'ona, "Ngapi?"

Binti wa Ngamiani
Mimi niliwekwa kiti cha pembeni ya rubani! Njia nzima nilikunja mikono kwapani nisije nikagusa kitu. Kwanza mikoko, halafu mkondo wa Pemba, maji buluu nzito karibu na nyeusi. Kabla sijamaliza kuogopa naona mistari ya mkonge. Pakiti ya njugu niliyofungua Chake niliimalizia Tanga.

Mzee wa Jahazi
Wanangu, saa saba mnazililia? Mwaka 1988 nilivuka Wete–Tanga kwa jahazi. Tulitweka baada ya alasiri, usiku upepo ukakatika katikati ya mkondo. Tukabaki tunabembezwa juu ya magunia, nahodha kimya, tanga limenywea. Mwenzangu alitapika mpaka ikawa inatoka sauti tu. Taa za Tanga tuliziona alfajiri ya siku ya tatu. Tangu hapo mimi ni wa ndege, hata ikichelewa mpaka magharibi.

Mlamu
Shikamoo mzee. Huku Kenya, Malindi–Lamu ni kama kilomita 140, nusu saa hivi. Lakini ndege inatua Manda, siyo Lamu, kwa hiyo kuna mashua tena. Mara ya mwisho maji yalikuwa yamekupwa, ngazi za gatini zina utelezi, begi likaniponyoka. Nguo za harusi ya dada yangu zilivukishwa zikiwa chapachapa. Hiyo safari ya mashua haimo kwenye tiketi.

Mleta mada
Ahsanteni, na pole nimezipokea kwa heshima. Narudi Jumapili. Shangazi kanifungia machungwa ya Muheza, nimeyapima dukani: kilo 19. Mpakia Mizigo, tunafanyaje?