Mashine ya plazima kwa karakana ya nyumbani: ya bei nafuu au ya bei ghali?

Fundi wa Jioni, Kasarani

Habari zenu mafundi. Nina karakana ndogo nyuma ya nyumba, ambamo ninatengeneza mageti, madirisha na majiko ya kuni nyakati za jioni na siku za Jumamosi. Natafuta mashine ya plazima, ile inayokata chuma kwa hewa iliyopashwa joto kali na umeme. Hadi sasa ninakata kila kitu kwa grinda, nayo inanifaa kwenye paipu za mraba, lakini maua ya mageti na sehemu zote zenye mikunjo zinanichosha sana. Vyuma vyangu vingi ni vya milimita 1.5 hadi 3, mara chache milimita 6, na kwa nadra 10. Nimeona mjini mashine za Kichina za aina ya CUT-50, na kwa upande mwingine nimeshauriwa ninunue Hypertherm Powermax30 XP, ambayo kwa bei yake ningepata CUT-50 kadhaa. Je, tofauti hiyo ya bei inaonekana kwenye kazi yenyewe, au nitakuwa nimelipia jina tu? Umeme wangu ni wa fezi moja, na kompresa niliyo nayo ni ya lita 24, ya kupulizia rangi.

Mzee wa Kariobangi

Ndugu, kabla hatujalinganisha mashine, naomba tuizungumzie hiyo kompresa, kwa sababu ndiyo itakayoamua kama utaifurahia mashine yoyote utakayonunua. Ndani ya tochi, yaani mkono wa mashine unaoushika ukikata, umeme hupasha hewa iliyoshindiliwa joto linalozidi nyuzi 20,000 za Selsiasi, ikawa mwale wa plazima, na hewa hiyo hiyo ndiyo inayopeperusha chuma kilichoyeyuka kitoke upande wa chini. Powermax30 XP huhitaji takriban lita 113 kwa dakika kwa shinikizo la bar 5.5, na CUT-50 nyingi zinataka kiasi hicho au zaidi. Namba ya lita kwa dakika iliyoandikwa kwenye kompresa za bei ya chini kwa kawaida ni ya hewa inayovutwa, wala si inayotoka, na tena Nairobi iko karibu mita 1,700 juu ya usawa wa bahari, ambako hewa ni nyepesi kwa karibu moja ya sita kuliko Mombasa. Tangi lako litashuka shinikizo ukiwa katikati ya mstari, na kila utakaposimama kungoja utaacha kovu kwenye chuma.

Jambo la pili ni maji. Asubuhi za Julai, fungua koki iliyo chini ya tangi utazame kinachotoka: ni maji meupe kama maziwa, yaliyochanganyika na oili. Yakifika kwenye tochi, kile kitone cha madini ya hafniamu kilicho kwenye ncha ya elektrodi, kile kipande cha shaba kinachotoa umeme, huliwa haraka, na tundu la nozeli, yaani mdomo wa tochi, huacha kuwa duara, hivyo ukingo unaoukata unatoka umelala upande mmoja. Kitone kikishachimbika kwa takriban milimita moja, badilisha elektrodi bila kusubiri. Ukiona mwale umegeuka kijani, hafniamu imekwisha na sasa ni shaba inayoungua.

Kwa hiyo ninakushauri utenge kwanza fedha za kompresa ya tangi la lita 100 au zaidi pamoja na kichujio kizuri cha maji na oili, kisha kinachobaki ndicho kikuamulie mashine.

Karakana ya Viwandani

Ninakubaliana na Mzee kuhusu hewa, ila sikubali kwamba mashine iachiwe makombo ya bajeti. Powermax30 XP imepangiwa kukata milimita 10 kwa usafi na kutenganisha, yaani kukata tu vipande viachane, hadi milimita 16, na mtengenezaji huvitaja vipimo hivyo viwili mbalimbali, wakati lebo za mashine nyingi za bei nafuu hutaja unene wa kutenganisha peke yake, ukiwa na ukingo mchafu unaohitaji grinda tena. Kwa mabati membamba ya maua, ina nozeli maalumu za mkato mwembamba. Kuanza kwake hakutumii masafa ya juu ya umeme: hewa husukuma elektrodi iachane na nozeli, na mwale unawaka. Mashine zinazoanza kwa masafa ya juu huweza kuvuruga redio, televisheni na kompyuta zilizo karibu, jambo la kuzingatia unapofanya kazi katikati ya majirani. Ukifikiria siku moja kuunga mashine na meza inayoongozwa na kompyuta, tofauti hiyo utaiona mara moja.

Mama Fundi, Dagoretti

Anayekata jioni na Jumamosi hahitaji kulipa bei hiyo. Mimi ninatumia CUT-50 kwa mageti, na ninaridhika nayo, lakini niliichagua kwa kuangalia tochi. Mashine nyingi za bei ya chini kabisa huja na tochi ya PT-31, ambayo mara nyingi haina mwale wa kuanzia, ule mafundi wanaouita pailoti, kwa hiyo ni lazima uguse chuma ndipo iwake, na penye rangi au kutu inakataa kabisa. Lipa nyongeza upate yenye pailoti. Pia soma kiwango cha kazi na mapumziko: asilimia 60 kwa ampea 50 maana yake ni dakika sita za kukata katika kila dakika kumi. Na kabla hujalipa, muulize muuzaji akuonyeshe nozeli na elektrodi za tochi hiyo hiyo dukani kwake, uzione kwa macho.

Fundi wa Jioni, Kasarani

Nawashukuru sana. Nimeamua kununua CUT-50 yenye pailoti na kuongeza kompresa kubwa. Je, ninaweza kuichomeka kwenye soketi ya kawaida?

Mzee wa Kariobangi

Hapana, ndugu. Soketi yetu ina fyuzi ya ampea 13, ambayo kwa volti 240 ni takriban wati 3,120, wakati mwale wa ampea 50 peke yake hutumia karibu wati 5,000 kabla hujahesabu kinachopotea ndani ya mashine. Mwite fundi umeme mwenye leseni akuvutie waya wa milimita 6 za mraba kutoka kwenye ubao wa umeme, wenye breka yake ya ampea 32, na kompresa ipewe njia yake nyingine, kwa sababu motor inapoanza kuzunguka huvuta umeme mwingi na mwale unaweza kuzimika mkononi mwako. Kwa milimita 1.5 hadi 3, punguza hadi ampea 20 au 30, kisha tazama cheche chini ya bamba: zikielekea nyuma kidogo, mwendo wako ni sawa, zikirushwa juu, unakimbia kuliko chuma kinavyokatika.