Dimbwi la kando ya barabara ya mtaa: lawama kwa mtaro au barabara?

Wakuu, barabara ni ya changarawe na mtaro upo, lakini mvua ikinyesha maji yanatuama mbele ya mageti na kula ukingo. Tuanzie wapi?

— Anza na mgongo wa barabara, yaani mwinuko wa katikati unaomwaga maji pembeni. Vuta uzi wenye pimamaji kutoka katikati hadi ukingoni: changarawe inataka kushuka sentimita 4 hadi 6 kwa kila mita. Ikiwa bapa, maji hayafiki mtaroni hata mkiuzibua kila siku.

— Usisahau makalavati ya mageti, yale mabomba ya kupitisha maji ya mtaro chini ya njia za kuingilia. Bomba la inchi 6 ndilo mchawi; mfuko mmoja wa taka tu, limeziba. Weka la kipenyo cha milimita 450, mteremko sentimita 1 kwa mita, na sakafu yake ilingane na ya mtaro. Likikaa juu, tope linajaa nyuma yake.

— Na lile tuta la udongo ukingoni, linaloachwa na wazoaji mtaro? Likatwe. Shimo la dimbwi msijaze vipande vya matofali (vinasagika kuwa uji). Jazeni changarawe yenye udongo kidogo, tabaka za sentimita 10, nyunyizia maji, shindilia.

— Nimepima mgongo: sentimita 1 tu kwa mita. Bapa kabisa!