Gumbo ndani ya dakika 75: ruu nyeusi itafika bila kuungua?

Jiko la Bissonnet

Habari zenu wadau. Chama chetu hapa Houston kinaandaa shindano la mapishi kwa kuiga kile kipindi cha PBS, televisheni ya umma ya Marekani, The Great American Recipe, kilichoanza kurushwa 2022. Wanaoshindana ni wapishi wa nyumbani, si wa hotelini, na kila mmoja anakuja na pishi la kwao. Kwenye televisheni wanagombea pishi lao litokee kwenye jalada la kitabu cha mapishi. Sisi tunagombea sufuria.

Nimepangiwa Louisiana. Nataka kupika gumbo, ule mchuzi mzito wa huko, ya kuku, soseji na kamba, na mkate wa mahindi pembeni. Masharti: dakika 75, mpishi peke yake bila msaidizi, majiko mawili ya gesi, oveni moja, na jiko la umeme la wali linaruhusiwa. Kukata vitu kabla ya kengele ni marufuku. Chakula kiwe halali, cha watu 8.

Kinachonitatiza ni ruu, ule unga wa ngano unaokaangwa kwenye mafuta mpaka uwe mweusi. Karibu kila maelezo yanasema dakika 45 za kukoroga. Nikitumia 45 hapo, kuku ataiva saa ngapi? La pili, bamia: nizitie vipi zisiache mlenda? La tatu, sembe ya duka la Waafrika inafaa kwa mkate wa mahindi?

Mwiko Bapa

Mkuu, hizo dakika 45 ni za moto mdogo. Ruu nyeusi inawezekana kwa dakika 15 hadi 20 kwa moto wa wastani kupanda juu kidogo, mradi mkono usiachie. Paul Prudhomme, yule mpishi wa K-Paul's pale New Orleans, alikuwa anachemsha mafuta mpaka yanafuka moshi ndipo anatia unga, na ruu ikawa tayari kwa dakika chache tu. Hiyo usiiguse kwenye shindano. Ruu ikirukia ngozi inang'ang'ania na kuendelea kuunguza, na kosa la sekunde kumi linatosha kuimaliza sufuria nzima.

Vipimo kwa watu 8: unga wa ngano gramu 130, mafuta ya kupikia ml 200, supu lita 1.8. Kwa uzito mafuta yamezidi unga, na ni makusudi. Ruu laini inakorogeka haraka na haishiki chini. Mafuta ya ziada utayaengua mwishoni. Usitumie siagi. Chembe za maziwa ndani yake huungua kabla unga haujafika rangi ya chokoleti.

Sufuria iwe nzito, chini pana. Mwiko wa mbao uwe na ncha bapa, maana mwiko wa mviringo unaacha unga kwenye kona, na kona ndiyo inayoungua kwanza. Mafuta yakianza kumetameta, tia unga kwa mafungu matatu, kila fungu likolee kabla ya lingine. Baada ya hapo ni kukwangua chini yote kwa mpangilio, katikati kwenda pembeni.

Rangi zitakuja hivi: maziwa, siagi ya karanga, shaba, chokoleti ya maziwa, chokoleti nyeusi. Kutoka mwanzo hadi siagi ya karanga kunachelewa. Kutoka shaba hadi chokoleti kunaenda mbio, na hapo ndipo wengi wanapoharibu kwa sababu wanaendelea na moto uleule. Ikifika shaba, punguza moto. Kwa muda ulionao ishia kwenye chokoleti ya maziwa.

Kadiri ruu inavyoiva ndivyo nguvu yake ya kufanya mchuzi uwe mzito inavyopungua, kwa sababu joto linakatakata wanga. Kwa hiyo ukiogopa ukaishia kwenye siagi ya karanga, gramu 130 zitakupa uji. Tumia 100.

Kuizima: vitunguu, seleri na pilipili hoho viwe vimeshakatwa, kwenye bakuli, pembeni ya mkono wako. Kitunguu vikombe 2, seleri kikombe 1, hoho ya kijani kikombe 1. Ukivimwaga vyote kwa pamoja, maji yake yanashusha joto na ruu inaacha kukolea. Simama nyuma kidogo, mvuke ni mkali. Ukianza kukata vitunguu wakati ruu iko motoni, umeshashindwa.

Moshi wa Hickory

Naongezea kwa Mwiko Bapa. Watu wengi wanakaanga soseji na kuku kwenye sufuria ileile halafu wanatengeneza ruu juu ya ukoko, wakidhani ladha itazidi. Kwenye ruu ya rangi ya karanga, sawa. Kwenye nyeusi ule ukoko unaungua na kuacha chembe nyeusi. Kaanga nyama kwenye kikaango kingine, kisha mimina supu kikombe kimoja, kwangua ukoko wote, na huo mchuzi uingie kwenye gumbo baadaye.

Utajuaje imeungua? Chembe nyeusi zinazoelea, na harufu inageuka kutoka ya karanga za kukaanga kuwa chungu, inawasha puani. Haina dawa. Sukari haiondoi, kuchuja hakuondoi, supu zaidi inasambaza uchungu tu. Mwaga, futa sufuria, anza upya. Ndiyo maana nakushauri uje na unga na mafuta ya kutosha ruu mbili.

Soseji: andouille ya kule ni ya nguruwe, imekolea moshi na kusagwa kwa chengachenga kubwa. Chukua soseji ya ng'ombe iliyopita kwenye moshi kweli, yenye nyama inayoonekana, si ile laini ya mikate. Ya bata mzinga ni kavu mno, ongeza kijiko cha mafuta. Moshi ukiwa hafifu, paprika ya moshi kijiko kimoja cha chai itiwe pamoja na vitunguu. Na chumvi usiiguse mpaka mwisho: soseji ina chumvi, viungo vya kopo vya Cajun (mapishi ya Louisiana ya vijijini) vina chumvi, na supu ikipungua chumvi inajikusanya.

Njia ya mkato: siku moja kabla, tandaza unga mkavu kwenye sinia, oveni nyuzi 200 za Selsiasi, geuza kila dakika 10 kwa muda wa saa moja hivi mpaka uwe rangi ya mdalasini. Siku ya siku unauchanganya na mafuta ya moto na dakika 5 zinatosha. Waulize waandaaji kama unga uliookwa unahesabika kama "kukata kabla".

Binti wa Mvita

Hapo kwa unga wa kuokwa sikubaliani nawe, kaka. Hata wakiruhusu, ruu ni nusu ya pishi lenyewe. Jaji akipita akuone unakoroga, na harufu imejaa ukumbini, hiyo ni alama tayari. Kwenye kipindi chenyewe mmoja wa majaji ni Tiffany Derry, amekulia Beaumont, jirani kabisa na Louisiana. Mtu wa huko anasoma ruu kwa macho kabla hajashika kijiko.

Lakini mimi nina shida na orodha yako, dada au kaka Bissonnet. Umechanganya maeneo mawili. Gumbo ya upande wa Lafayette, ya Cajun, ni kuku na soseji, ruu nyeusi, nyanya haikaribishwi, na kwa kawaida kaa na kamba hupikiwa gumbo yao peke yao. Ya New Orleans, ya Creole (mapishi ya mjini), ndiyo inayochanganya kamba, kaa, bamia, na wengine nyanya. Chagua moja na uiseme wazi ukiwasilisha. Kwa dakika 75 mimi ningeacha kamba, kwa sababu ruu nyeusi na moshi wa soseji humeza ladha yake yote, na bei ya kamba unaijua.

Ukisema New Orleans, basi kamba wabaki. Maganda na vichwa vyao uvikaange dakika 3, maji lita 2, dakika 20 za kuchemka, chuja. Zikizidi sana supu inakuwa na uchungu.

Bamia: gramu 300, zioshe zikiwa nzima, zikauke kabisa kwa kitambaa, ndipo ukate vipande vya sentimita 1. Maji juu ya bamia iliyokatwa ndiyo yanayoamsha mlenda. Kaanga peke yake kwa mafuta vijiko 2 na siki kijiko 1 cha chai, dakika 8 hadi 10, mpaka nyuzi zinazovutana zikatike. Usitumie kikaango cha chuma tupu kwa sababu siki na bamia ndani ya chuma vinageuka rangi ya tope. Nusu ya mlenda uliobaki unausaidia mchuzi kuwa mzito, usiupige vita wote.

Ukitaka kuongeza uzito wa mchuzi kwa unga wa majani ya sasafrasi, ambao watu wa Choctaw, wenyeji asilia wa Marekani, walikuwa wanautumia tangu zamani, basi uutie moto ukiwa umezimwa, kijiko 1 cha chai kwenye sufuria nzima. Ukichemka unatoa nyuzi. Na kama una bamia, sasafrasi ya nini? Moja inatosha.

Jiko la Bissonnet

Shukrani sana. Nakwenda na ya Lafayette, kuku na soseji, kamba naacha. Bamia pia naacha ili jiko la pili libaki huru. Mkate wa mahindi je? Na kuku nimtie na mifupa?

Mwiko Bapa

Mapaja bila mfupa, kilo 1, vipande vya sentimita 4. Kidari kinakauka na kuwa uzi. Mapaja yenye mfupa yana ladha zaidi ila yanahitaji kama dakika 45 ndipo nyama iachie, na huna hizo. Supu njoo nayo ya pakiti isiyo na chumvi kama sheria inakubali. Ikikatazwa, mabawa gramu 700 yaingie kwenye maji lita 2 mara tu kengele inapolia.

Ratiba ningeipanga hivi. Dakika 0 hadi 10 ni kisu tu, oveni imeshawashwa na supu iko jiko la pili. Dakika ya 10 ruu inaanza. Kuanzia hapo mpaka ya 28 usifanye lingine lolote, hata kuongea na jaji umwongeleshe bila kugeuza shingo. Ya 28 vitunguu na wenzake, dakika 5, kisha vitunguu saumu punje 4. Supu itiwe ikiwa moto, kikombe kimoja kimoja, ukikoroga mpaka kila kimoja kimezama. Ukimwaga supu baridi yote kwa pamoja, ruu inakatika: mafuta yanapanda juu, mabonge yanabaki chini. Ikitokea, iache ichemke kwa nguvu dakika 5 huku unapiga na mchapo. Mara nyingi hurudi.

Jiko la pili sasa liko huru, kaanga soseji na kuku humo kwa dakika 6, vitie kwenye gumbo. Washa wali. Kuanzia ya 40 hadi ya 70 gumbo itokote bila mfuniko. Ikipungua chini ya nusu saa utasikia unga ulimini. Ya 65 engua mafuta kwa upawa, onja chumvi, tia pilipili ya cayenne.

Binti wa Mvita

Kuhusu mkate: kule kwa Wacajun gumbo huliwa na wali, na wengi huweka saladi ya viazi, wengine wanaidumbukiza ndani ya bakuli kabisa. Mkate wa mahindi ni wa Kusini kwa jumla. Haukatazwi, ila jaji wa Louisiana atakuuliza viazi viko wapi.

Ukiung'ang'ania, sembe peke yake haifai. Imesagwa laini mno na imekobolewa, mkate unatoka umeshikana na kukauka kooni. Dona ni afadhali. Bora zaidi ni unga wa mahindi wa dukani Marekani uliosagwa wastani, mweupe au wa njano. Au sembe theluthi moja na huo theluthi mbili.

Unga gramu 300, bekingi pauda kijiko 1 cha chai, bekingi soda nusu kijiko cha chai, chumvi kijiko 1 cha chai, mayai 2, mtindi mwepesi ml 360, siagi iliyoyeyushwa gramu 60. Soda inahitaji uchachu wa mtindi. Ukitumia maziwa ya kawaida mkate unabaki bapa na ladha ya sabuni. Mtindi mzito wa kopo uongeze maji mpaka umiminike. Sukari usitie, huo ni mtindo wa Kaskazini.

Kikaango cha chuma cha sentimita 25 kikae ndani ya oveni nyuzi 220 za Selsiasi tangu mwanzo. Changanya dakika ya 43, si mapema, kwa sababu soda inaanza kazi ikigusa mtindi tu. Kitoe kikaango, tia kijiko cha mafuta, mimina rojo: lazima lilie. Lisipolia hakikupata moto na mkate utashika chini. Dakika 20 hadi 25.

Moshi wa Hickory

Mpini wa hicho kikaango ufunge kitambaa mara tu unapotoka ovenini na ukiache hapohapo. Ukiwa na haraka ya dakika ya 68 utaushika kwa mkono mtupu.