Mita inasoma 180 kwenye inveta, TANESCO inasoma 231: niamini ipi?

KinyoziWaSola:

Habari za jioni wakuu. Nina saluni ya kunyoa kijijini, upande wa Sengerema, nguzo za umeme bado hazijatufikia. Natumia paneli mbili za wati 100, betri moja ya 12V 100Ah na inveta (ya kugeuza umeme wa betri uwe kama wa ukutani) ya wati 600, ya bei nafuu. Mashine zangu za kunyoa ni zile nzito za kuchomeka ukutani, zenye sumaku ndani. Tangu nianze kutumia inveta zinanguruma, na zinapata joto hadi mteja analalamika shingoni.

Nikanunua mita ya dijitali, DT830D ya njano. Nimezungusha duara hadi V~ 750, waya mweusi kwenye COM, mwekundu kwenye VΩmA, nikapima soketi ya inveta mchana: 180. Muda huohuo betri ilikuwa 13.6. Nikaenda nayo kwa kaka yangu Sengerema mjini, soketi ya TANESCO ikasoma 231, kwa hiyo sidhani kama mita ni mbovu.

Kinachonichanganya zaidi ni jioni. Nikinyoa mfululizo betri inashuka hadi 12.0, lakini nikipima soketi ya inveta napata 204. Betri inashuka halafu volti zinapanda?

Fundi mmoja wa hapa anasema ndani ya inveta kuna skrubu ndogo ya kurekebishia, anataka kufungua aizungushe hadi mita isome 230. Nimruhusu? Pia kuna alama nyingine kwenye duara sizielewi: hFE, kimshale, 10A. Naomba msaada.

Mtundu77:

Mkuu, mita imeshakujibu, 180 ni 180. Inveta imechoka. Kama garantii bado ipo irudishe dukani, kama imeisha mwache fundi aizungushe. Kazi ya dakika tano.

MamaWaya:

Kinyozi mdogo wangu, usimruhusu mtu aguse hiyo skrubu. Mtundu, samahani, hapa napingana nawe kabisa.

Mimi natengeneza inveta na chaja hapa Mwanza. Nyingi zinaletwa na kikaratasi kimeandikwa "volti ndogo" wakati hazina ugonjwa wowote. Kwa maelezo yake, inveta hii ni nzima, na hiyo namba inayopanda jioni ndiyo iliyonihakikishia. Subirini nieleze, maana jambo hili limewachomea watu vyombo.

Umeme wa TANESCO hupanda na kushuka taratibu, wimbi laini, mara 50 kwa sekunde. Kilele chake hufika volti 325 hivi. Tunauita 230 kwa sababu ukiupitisha kwenye pasi au heta unatoa joto lilelile ambalo lingetolewa na umeme wa betri wa volti 230. Namba ya AC, yaani umeme huu wa kupanda na kushuka, ni namba ya joto, au tuseme ya kazi.

Sasa DT830D haina uwezo wa kupima hivyo. Inachukua wastani wa wimbi, halafu inazidisha kwa 1.11 na kukuonyesha jibu. Kwa wimbi laini hesabu hiyo inatoka sawasawa, ndiyo maana kwa kaka yako ulipata 231 safi. Lakini mita haijui kama wimbi ni laini au la. Inazidisha kwa 1.11 tu, lolote liwalo.

Inveta za bei yako hazitoi wimbi laini. Zinaruka ghafla hadi kileleni, zinatulia hapo, zinashuka ghafla hadi sifuri, zinatulia, kisha zinaruka upande wa pili. Chukua kilele cha 325, kiwepo nusu ya muda, na nusu iliyobaki iwe sifuri. Volti za kweli, zile za joto, ni 325 mara kipeuo cha pili cha 0.5, yaani 230. Wastani ni 162.5. Zidisha kwa 1.11: 180. Hiyo ndiyo 180 yako, wala haijapungua hata moja.

Jioni je? Betri ikishuka kutoka 13.6 hadi 12.0, kilele nacho kinashuka, kutoka 325 hadi 287 hivi. Inveta inayojirekebisha inapanua yale mapigo ili kufidia. Badala ya kuwa kileleni nusu ya muda, inakaa asilimia 64. Kipeuo cha 0.64 ni 0.8, mara 287 ni 230 ileile. Ila wastani sasa ni 184, na mara 1.11 unapata 204. Mashine zako zinapata umeme uleule mchana na jioni. Mita ndiyo inayobadilisha usomaji kwa sababu umbo la wimbi limebadilika.

Fundi wako akizungusha hadi mita isome 230 mchana, volti za kweli zitafika 260. Chaja za simu pengine zitavumilia. Mashine za kunyoa, ambazo tayari zinachemka, sitazihakikishia.

Usiniamini kwa maneno tu. Tafuta globu ya zamani, ile yenye kiwaya kinachowaka ndani, wati 60. Isiwe LED, kwa sababu LED ina saketi yake ndani na itakudanganya. Iwashe kwenye inveta, kisha iwashe kwa kaka yako. Volti 180 kweli kwenye globu hiyo utaziona kwa macho, mwanga unakuwa wa njano na umefifia sana. Ukiona mwanga ni uleule, kesi imeisha. Ukitaka namba, tafuta mita iliyoandikwa True RMS usoni. Hiyo inafanya hesabu ya joto yenyewe, wimbi liwe la umbo lolote.

Mashine kunguruma na kuchemka, chanzo ni huo mrukomruko wa wimbi. Sumaku ya mashine ilitengenezwa ivutwe na kuachiwa taratibu, sasa inapigwa. Kupandisha volti kutaongeza tatizo. Dawa ni inveta ya wimbi laini, au, ningekuwa wewe, mashine za kuchaji. Za kuchaji zinakupunguzia hata kuwasha inveta siku nzima, na inveta inakula betri hata kama hakuna kilichochomekwa.

Kwenye duara: hFE ni ya kupimia transista, iache. Kimshale ni cha kupimia dayodi (kifaa kinachopitisha umeme upande mmoja tu), na kwenye DT830D hapohapo huwa kuna ile sauti ya kupima kama waya umekatika. Pima hivyo umeme ukiwa umezimwa tu. Mengine utayajua taratibu.

Lakini tundu la 10A nataka ulijue leo. Ndani yake kuna kipande cha waya mnene kinachokwenda moja kwa moja COM. Soma pembeni yake, mita hizi nyingi zimeandikwa UNFUSED, maana yake hakuna fyuzi. Waya mwekundu ukiwa hapo, ukagusa vichwa vya betri kutafuta volti, umepiga shoti betri ya 100Ah kwa mikono yako. Betri ya namna hiyo inaweza kutoa mamia ya ampea kwa mara moja. Nyaya za mita zinayeyuka ukiwa umezishika. Kwenye soketi ya umeme wa nguzo ni mbaya zaidi. Na usidhani kugeuza duara kwenda V kutakuokoa, kwa sababu tundu halijali duara limeelekea wapi. Wanafunzi wangu nimewazoesha hivi: ukimaliza kupima ampea, mita haiwekwi chini mpaka waya mwekundu umerudi VΩmA.

Bomba_Tanga:

Shikamoo Mama Waya. Naomba niingilie kidogo, mita yangu nayo ina maajabu. Ni ya kujichagulia kipimo yenyewe, nzuri tu. Nimefunga taa ya varanda hapa Tanga, nyaya ndefu ndani ya bomba moja na nyaya za soketi. Swichi ikiwa imezimwa, kwenye kishikio cha taa napata volti 87. Na taa ya LED usiku inawaka hafifu kama kimulimuli. Waya unavuja?

MamaWaya:

Marahaba mwanangu. Huenda hauvuji. Mita kama yako ina ukinzani wa omu milioni 10 hivi, inanyonya umeme kidogo mno. Waya usiounganishwa popote, ukilala umbali mrefu kando ya waya wa moto, hizo nyaya mbili zinakuwa kama kapasita (kifaa kinachopitisha AC bila nyaya kugusana). Umeme kidogo sana unavuka, usiotosha kazi yoyote, ila kwa mita isiyonyonya kitu unaonekana ni volti nyingi. LED nayo inatosheka na umeme mdogo, ndiyo maana inapepesa.

Jaribu na globu ileile ya wati 60 niliyomwambia Kinyozi. Ifunge kwenye kishikio, zima swichi, pima tena huku globu ikiwa imo. Kama 87 inaanguka hadi karibu na sifuri, ulikuwa umeme wa kuazima. Mita nyingine zina sehemu imeandikwa LoZ, kazi yake ni hiyohiyo: zinaweka ukinzani mdogo, kama omu elfu chache, na volti za aina hiyo zinapotea.

Usiishie hapo lakini. Pima pia kila waya wa kishikio dhidi ya waya wa ethi, swichi ikiwa imezimwa na globu ikiwa imo. Ukipata 230, basi aliyefunga amepitisha nyutro (waya wa kurudishia umeme) kwenye swichi badala ya waya wa moto. Taa inazimika vizuri, lakini kishikio kina moto muda wote, na atakayebadilisha globu akiwa amesimama kwenye sakafu yenye maji anaweza kufa. Hilo lirekebishwe siku hiyohiyo.

Na kabla hujaamini sifuri yoyote, gusa kwanza soketi unayojua ina umeme uone mita inasoma, pima unapotaka, kisha rudi tena kwenye ile soketi. Waya wa mita uliokatika ndani unaonyesha sifuri nzuri kabisa, na mtu anakwenda kushika.

Mtundu77:

Mama nimekubali. Hiyo hesabu ya 0.8 nimeirudia mara mbili, inatoka. Ndugu Kinyozi, puuza ushauri wangu wa skrubu.

KinyoziWaSola:

Mrejesho wakuu. Globu nimeipata kwa jirani anayefuga vifaranga. Kwenye inveta na kwa kaka mwanga ni uleule, hata shemeji aliyesimama pembeni hakuona tofauti. Skrubu haijaguswa. Nimeanza kuulizia mashine za kuchaji.

Mama, swali la mwisho. Nataka kujua kama paneli zote mbili zinafanya kazi, naona siku hizi betri inachelewa kujaa. Naweza kupima ampea kwa hilo tundu la 10A, au nisithubutu?

MamaWaya:

Unaweza, ila paneli moja moja. Paneli ya wati 100 ya aina ya volti 12, jua la saa sita likiipiga moja kwa moja, ukiipiga shoti inatoa ampea 5.5 hadi 6 hivi. Hiyo haiidhuru, paneli haiwezi kutoa zaidi ya hapo. Zote mbili kwa pamoja zitakaribia 12, na mita yako mwisho wake ni 10. (Wenye paneli kubwa mpya za wati 550 msijaribu kabisa, moja tu inafika karibu ampea 14. Tafuteni mita ya kubana waya, yenye uwezo wa kupima DC, yaani umeme wa betri na paneli.)

Fanya hivi. Ondoa nyaya za paneli kwenye kontrola (kifaa kinachosimamia paneli kuchaji betri), zisibaki na mguso wowote na betri. Funika paneli kwa kitenge kizito. Waya mwekundu wa mita kwenye 10A, duara kwenye 10A, unganisha chanya na hasi za paneli kwenye nyaya za mita, kisha funua. Soma ndani ya sekunde kumi, funika tena ndipo uchomoe. Ukichomoa jua likiwa kali utaona cheche, na cheche zinaunguza ncha za mita. Halafu waya mwekundu urudi VΩmA kabla hujagusa paneli ya pili.

Pima zote mbili ndani ya dakika chache, ili jua liwe moja. Ikiwa moja ina 5.6 na nyingine 3, ifute vumbi kwanza na uangalie kama tawi au ukingo wa bati unatupa kivuli, hata kidogo, kwenye kona yake. Ikibaki 3 baada ya hapo, weka picha ya kiboksi cha nyuma kikiwa wazi, tutazame dayodi zake. Hapo ndipo kile kimshale cha duara kitakapokuwa na kazi.