Tupeane uzoefu: programu ya zamani kwa Windows mpya, ilikutoa jasho aje?

Mwana wa Dukani
Wadau habari za jioni. Mzee wangu ako na hadiwea huku Kayole, stoki na madeni ya wateja yote yako kwa programu moja tumetumia tangu 2003. Jumatatu pawasaplai ya kompyuta ikaungua, nikashuka Luthuli nikachukua laptopu ex-UK ya Windows 11. CD ya programu niliihamishia kwa fleshi kitambo, nikaklik setup, naambiwa eti hii haiwezi kufanya kazi kwa kompyuta yako, muulize mwenye aliitengeneza. Mwenye aliitengeneza alienda Kanada, namba yake saa hii inashikwa na mama fulani anauza maembe Makueni. Mzee ameketi hapa kando na daftari, haongei, ananiangalia tu. Mwenye amepitia hii aseme.

Fundi Baridi
Bonyeza kulia, Properties, ingia Compatibility, chagua Windows XP, ile ya zamani. Kwisha. Chai nitumie kwa simu.

Babu wa Floo ya Tatu
Fundi usimpoteze kijana. Hiyo setup inanukia 16-biti, ule muundo wa programu za zamani sana, kabla ya 32 na 64. Windows za 64-biti hazina kabisa kitu cha kuendesha 16-biti, na Windows 11 haikutoka ya 32. Atachagua XP mpaka kuche.

Fundi Baridi
Imefanyia wateja wangu zaidi ya kumi.

Babu wa Floo ya Tatu
Hao walikuwa na za 32-biti. Ile Compatibility inaidanganya programu iko nyumbani kwa XP, haiwezi kuleta kitu hakipo.

Fundi Baridi
Sawa profesa.

Dada wa Invoisi
Mmenikumbusha mwaka nilikaribia kulala seli. Nilikuwa karani kwa duka la spea Kirinyaga Road, programu yetu ya invoisi ilikuwa ya enzi za XP, bosi akaleta mashine ya Windows 7, fundi akaiweka ndani ya Program Files, ile foldea Windows huweka programu, ikafunguka vizuri tukaendelea na maisha. Miezi nane naingiza invoisi asubuhi mpaka jioni, fanbelti ya Probox, breki padi, shokabzoba. Siku moja printa ikagoma, kukaja kijana akasema hii ya zamani inataka kufunguliwa kama adimini, yaani kwa ruhusa zote, akabonyeza kulia akafungua. Invoisi ya mwisho kwa skrini, 4117. Ya ile siku mashine ililetwa! Na mimi asubuhi hiyo hiyo nilikuwa nimeandika ya elfu sita na kitu kwa mkono wangu.

Bosi akasimama nyuma yangu. Hakupiga kelele, na hiyo ndio iliniogopesha. Akaniuliza polepole, "Miezi nane umeiweka wapi?" Nikasema iko hapa. Akasema nionyeshe. Sasa utaonyesha nini? Mkoba wangu ukamwagwa kwa kaunta wateja wakiona, pedi, panadol, nauli ya Githurai, kila kitu, ati wanatafuta fleshi nimeibia data. Nikampigia binamu yangu nikilia, akaniambia usiguse kitu na usikubali mtu aformati, nakuja. Alifika na nduthi, akafungua foldea imefichwa, AppData, ndani Local, ndani VirtualStore, na huko ndani kuna Program Files ingine ndogo na faili ya data jina ni lile lile, lakini hii ni MB 11 na ile kijana alifungua ni MB 3.

Kumbe tangu Vista, ile ilifuata XP, Windows haitaki programu ya kawaida iandike ndani ya Program Files. Na hii ya zamani badala ya kukataliwa peupe, inachukuliwa chenye inaandika kinafichwa kwa akaunti yako, yenyewe haijui. Ukiifungua kama adimini huo ujanja unazimwa, unaonyeshwa ile faili ya kwanza. Yaani tulikuwa na vitabu viwili vya hesabu na hakuna mtu alijua. Bosi hakuniomba msamaha. Alinunulia kila mtu mandazi, mimi akaniwekea mbili.

Njugu Karanga
Mandazi MBILI.

Mama Tabasamu
Pole dada. Hiyo ya mkoba imeniuma. Na ulirudi kazi?

Dada wa Invoisi
Kesho yake. Ilikuwa tarehe 29, renti haijui mambo ya VirtualStore.

Mtu wa Mac
Ndio maana mimi niko Mac, hizi drama sizijui.

Njugu Karanga
Mac gani? 2019 Catalina, toleo la mfumo wa Mac, ilipotoka programu zote za 32-biti zilizikwa siku moja, kaka yangu na printa yake ya plani za nyumba bado wako matangani.

Mjuaji wa Westi
Na kwani mtu anang'ang'ania programu ya 2003 ya nini? Lipieni ya mtandaoni kila mwezi mwache ushamba.

Mama Tabasamu
Wewe utalipia? Stima ikipotea Kayole na intaneti iende, mteja wa misumari nusu kilo atangoje?

Fundi Baridi
Mwekee XP ndani ya VirtualBox, programu ya bure inayoiga kompyuta ingine ndani ya laptopu. Ama Windows 10 ya 32-biti, hiyo inafungua hadi za DOS, za kabla ya Windows.

Babu wa Floo ya Tatu
Windows 10 waliacha kuihudumia Oktoba 14, 2025. Iweke kama haitagusa intaneti. Lakini kijana, kabla ya yote: mara nyingi setup ndio ya 16-biti, programu yenyewe ni ya 32. Kilichoungua ni pawasaplai, diski ni nzima. Itoe, iweke kwa kesi ya USB, kopi foldea yote ya programu uiweke C:\Duka. Usiiweke Program Files, umesikia ya dada.

Njugu Karanga
Na ukikopi fukiza ubani kidogo.

Mwana wa Dukani
IMEFUNGUKA!!! Ililalamika haioni faili moja ya ocx, kipande programu inategemea, nikaitoa kwa System32 ya diski ya zamani, nikaisajili kwa Windows, ikakubali. Deni la kwanza kutokea ni la mzee wa kanisa, mabati kumi, 2011. Mzee wangu amecheka mpaka daftari ikaanguka. Sasa shida ni printa, LX-300 ya waya mpana, laptopu haina hilo shimo, na programu inajua LPT1 peke yake, yaani lile shimo la paralo la printa za zamani.

Babu wa Floo ya Tatu
Nunua waya wa USB kwenda paralo. Weka printa, ishee (share) kwa jina DUKA, alafu kwa ile skrini nyeusi ya Command Prompt andika net use LPT1 \\localhost\DUKA /persistent:yes.

Fundi Baridi
Ama upeleke hiyo LX-300 makumbusho ununue printa ya watu.

Mwana wa Dukani
Mzee amesoma hiyo. Anauliza hiyo ya watu inatoa risiti na kopi yake mara moja?

Fundi Baridi
Hapana.

Mwana wa Dukani
Basi anasema waya unauzwa wapi.